Walipima Uvimbe Tu

Magomeni, Kilosa
11 Agosti 2024

Mwanangu Verdiana,

Nimerudi kutoka Dar juzi Ijumaa kwa treni ya umeme, nikiwa na rafiki yangu Yared, ambaye hakuniacha hata hatua moja. Najua ulipiga simu mara nne na sikupokea. Usidhani nimekasirika. Sauti imekwisha. Ile mikwaruzo uliyoisikia mwezi wa sita sasa imebaki pumzi tupu. Nikisema haloo, mtu wa upande wa pili anadhani mtandao umekata. Meseji nazo macho yangu hayaziwezi. Basi nimerudia kalamu, kama enzi zile nilipokuwa karani wa stesheni. Mudi, kondakta wa basi la Mikumi, amekubali kuzibeba barua zetu na kukuachia hapo mizani kazini kwako.

Ni saratani ya pafu. Nalitaja jina lake mara moja ili tusizungukane. Hata mimi nilimwambia daktari kwamba sijawahi kuvuta sigara maishani mwangu. Akasema wapo wengi kama mimi. Uvimbe umebana mshipa wa fahamu unaoendesha sauti, ndiyo maana siwezi kusema. Walinichoma sindano kifuani wakatoa kipande cha kupima, kisha wakanianzishia dripu. Nitarudi kila baada ya wiki tatu.

Mengine yote ni ya kawaida. Usiache kazi kwa ajili yangu.

Baba yako,
Zabron


Mikumi
16 Agosti 2024

Baba yangu, shikamoo.

Mudi alinikabidhi barua yako nikiwa zamu. Nilikwenda kuisoma nyuma ya ofisi ya mizani, malori yakiwa yamepanga foleni mpaka kwenye kona, na madereva wakauliza yule dada anayeandika uzito amekwenda wapi. Nilirudi nikaendelea kuandika. Sikukumbuka hata namba moja niliyoandika siku hiyo.

Kwa nini hukuniambia twende wote Dar? Yared ni mtu mwema, lakini mimi ndiye mtoto wako, na huna mwingine. Tangu mama afariki ni miaka tisa sasa, na kila jambo zito nalisikia likiwa limeshapita.

Usiwe na wasiwasi juu yangu. Nina watu hapa. Thadeo anakusalimu sana na anakupa pole. Mipango yetu ya ndoa ipo palepale, ila tunasubiri upate nafuu kwanza.

Sasa nijibu, baba. Dripu ndiyo matibabu yote, au kuna kingine daktari alichosema? Niandikie hata kisichopendeza.

Mwanao,
Verdiana


Mikumi
9 Septemba 2024

Baba, shikamoo.

Wiki tatu hujajibu nilichouliza. Umeniandikia kuhusu bustani, umeniandikia kuhusu paa la kanisa, na dripu ya pili umeitaja kwa mstari mmoja. Kwa hiyo jana nilimpigia Mzee Yared. Nilimbana mpaka akasema, tafadhali usimlaumu.

Aliniambia hivi: "Baba yako amekataa karatasi. Daktari Brightness alimweleza kwamba kile kipande wanataka kukipima vinasaba, wajue kama uvimbe wake ni wa aina inayotibika kwa vidonge. Kama ni wa aina hiyo, vidonge vitamsaidia kuliko dripu. Baba yako aliposikia neno vinasaba, akaweka kalamu mezani. Akaniashiria twende zetu."

Baba, kipande wanacho tayari. Yared anasema kimehifadhiwa maabara kwenye nta, na mpango wa hospitali unagharamia kipimo chote. Hawahitaji kukuchoma tena. Kinachokosekana ni saini yako, basi.

Nieleze. Umechoka? Au unaogopa majibu? Mtu aliyenifundisha kusoma kila karatasi kabla ya kuikataa, anakataa karatasi yenyewe inayoweza kumponya. Sielewi.

Verdiana


Magomeni, Kilosa
14 Septemba 2024

Mwanangu Verdiana, marahaba.

Yared ana mdomo mwepesi na nimemwandikia hivyo.

Mimi ni mtu wa miaka sitini na tisa. Wapo vijana wanaoumwa, hao ndio wapimwe. Halafu hayo mambo ya vinasaba tunayajua sote. Ni mambo ya mahakamani na ya watu wanaogombea mtoto kwenye redio. Mtu amekwenda kutibiwa kifua, kwa nini achimbuliwe ukoo? Fomu yao ilikuwa na sehemu imeandikwa: watoto wa kuzaa, ni wangapi, na hali ya afya zao. Nikajiuliza, hilo linahusu nini pafu langu?

Dripu inatosha. Inanitapisha kwa siku nne, siku ya tano nakula. Nimepungua kidogo tu.

Nakuomba jambo hili tuliache. Salamu kwa Thadeo.

Baba yako,
Zabron


Mikumi
20 Septemba 2024

Baba, shikamoo.

Siwezi kuliacha. Mudi ameniambia alikuona stesheni Jumatatu ukipanda treni, na hakukutambua mpaka Yared alipokuita jina.

Kama wanachimba ukoo, waache wachimbe. Ukoo wako ni mimi, na mimi sina cha kuficha. Nimekaa nikafikiri, nikadhani nimekuelewa. Kwenye redio wanasema vipimo hivi huhitaji watu wawili wa damu moja, ili walinganishe. Nadhani ndicho unachokikwepa. Hutaki nisumbuliwe, hutaki nitoke kazini. Ni tabia yako.

Basi nimeshaomba likizo na nimepewa. Tarehe 7 Oktoba, siku ya dripu ya nne, nitakuwa Dar pamoja nawe. Utasaini, na mimi nitanyoosha mkono watoe damu yangu pembeni ya yako. Itachukua dakika tano. Ungenifanyia mimi, baba. Na mimi niruhusu nikufanyie.

Mwanao,
Verdiana


Magomeni, Kilosa
27 Septemba 2024

Mwanangu Verdiana,

Barua yako imenikuta kitandani. Ile sehemu ya kunyoosha mkono nimeirudia mara nyingi. Usiunyooshe mkono huo. Afadhali ulisikie kwangu kuliko ulisome kwenye karatasi ya hospitali.

Mimi sikukuzaa.

Nakuandikia yote. Mwaka 1988, mimi na mama yako tukiwa na miaka minne ya ndoa bila mtoto, nilikwenda kupimwa Morogoro. Daktari akaniambia sitapata mtoto. Nilirudi Munisagara, tulikokuwa tukikaa kwenye nyumba za reli, na sikumwambia Yudith. Cheti nilikiweka chini ya sanduku. Wanawake wa pale walimwita tasa, wengine mbele yangu, na mimi nilinyamaza. Hilo ndilo kosa la kwanza katika habari hii, na ni langu.

Mwaka 1990, asubuhi moja, alisimama mlangoni akasema, "Zabron, nina mimba, na unajua si yako."

Nikamuuliza amejuaje kwamba najua.

Akasema, "Cheti chako nilikiona mwaka jana. Nimekusubiri useme mpaka nimechoka kusubiri."

Yule mtu alikuwa fundi wa simu za reli. Alihamishiwa Tabora kabla hujazaliwa, na hakuwahi kujua. Jina lake ninalo, ukilitaka niulize. Nilimwambia mama yako aingie ndani, uji unapoa. Tukanywa uji. Hatukulizungumza tena kwa miaka ishirini na mitano.

Wiki aliyokufa aliniita karibu akasema, "Yule mtoto asijue. Anakupenda wewe kuliko anavyonipenda mimi. Usimvurugie." Nikaahidi.

Daktari alipotamka vinasaba, nilimwona mama yako. Nikasema moyoni nitaondoka na ahadi yake nzima, umri wangu unatosha. Sasa wewe umeamua kuja kutoa damu, na nimeishiwa pa kupita.

Tarehe 7 nitasaini, maana hakuna tena cha kulinda. Ukiona huwezi kuja, sitakulaumu. Una Thadeo, una kazi yako. Hata mimi nikiondoka, hutabaki peke yako.

Zabron


Mikumi
2 Oktoba 2024

Baba, shikamoo.

Barua nimeipata. Nitakuwa kwenye mlango wa wagonjwa wa nje tarehe 7 saa mbili asubuhi kama nilivyosema. Beba karatasi zote za mwanzo. Vaa sweta, kule ndani wanawasha viyoyozi.

Verdiana


Magomeni, Kilosa
12 Oktoba 2024

Mwanangu,

Asante kwa kuja. Nilisaini, uliniona. Kumbe hawakukuomba damu hata kidogo, walichukua karatasi wakasema tusubiri wiki tano au sita. Nikamshukuru Mungu kwamba walau mkono wako haukuchomwa.

Ulipotoka na Daktari Brightness mkaongea ukumbini, niliwatazama kupitia kioo cha mlango. Ulirudi na uso mwingine. Nilitaka kukuuliza, nikafungua mdomo, haikutoka hata pumzi. Ulinifunga vifungo vya sweta kuanzia chini mpaka shingoni kama mtoto wa shule, ukatupeleka stesheni, ukaenda kutafuta basi lako. Mchana kutwa tulikaa benchi moja, na nadhani uliniambia maneno kumi. Sikuyategemea hata hayo.

Yared aliuliza kama tumegombana. Nikaandika kwenye daftari: hapana.

Niandikie ukiweza.

Zabron


Magomeni, Kilosa
21 Novemba 2024

Mwanangu Verdiana,

Majibu yametoka. Juzi tuliitwa Dar. Daktari Brightness alitukalisha akasema katika uvimbe wangu wamekuta badiliko wanalolijua, ambalo mara nyingi huonekana kwa watu wasiovuta sigara, na dawa yake ipo. Ni kidonge kimoja kwa siku, kila siku, saa ileile. Dripu imesimamishwa. Yared alilia mbele ya manesi. Mimi sikulia, nilikuwa naisoma karatasi.

Niliisoma yote. Kuna jina langu, kuna majina ya dawa, kuna herufi na namba za hilo badiliko. Nilitafuta jina lako. Nilitafuta neno mtoto, au ukoo, au damu. Halikuwamo. Nikamwandikia daktari nikimuuliza kama kuna ukurasa mwingine. Akasema, "Mzee, ndiyo wote huo."

Nimelifikiria jambo hilo njia nzima ya kurudi.

Hii ni barua ya pili bila jibu lako. Mudi anasema anakuona mizani kila siku, mzima, na kwamba barua zangu unazipokea mkononi. Kwa hiyo siku hizi habari zako nazichukua kwa Mudi. Nimemuuliza mpaka anaona haya. Jana nilimuuliza ulikuwa umevaa nini.

Baba yako,
Zabron


Magomeni, Kilosa
3 Januari 2025

Mwanangu Verdiana,

Heri ya mwaka mpya. Krismasi nilikwenda kanisani kwa miguu yangu, na njia nzima nilisimama mara moja tu. Kikohozi kimepungua. Nimetokwa na upele usoni na kucha zinauma, daktari anasema ndiyo dalili kwamba kidonge kinafanya kazi. Sauti bado haijarudi, na huenda isirudi kabisa.

Chakula cha sikukuu aliniletea mke wa Yared. Nilikila mezani, nimekaa pale ninapokaa siku zote, nikitazamana na kiti chako.

Nina swali moja, nalo nalijua jibu lake, ila nataka litoke kwako. Kile kipimo kingeonyesha kwamba sikukuzaa? Au nilisema bure?

Baba yako, kama bado unaniruhusu kuandika hivyo,
Zabron


Mikumi
11 Januari 2025

Baba, shikamoo.

Usiniombe ruhusa ya kuandika neno hilo. Sikuwahi kukunyang'anya.

Nakujibu. Siku ile ukumbini nilimuuliza Daktari Brightness, "Hiki kipimo kitaonyesha kama mimi ni mtoto wake wa damu?"

Akanitazama kwa mshangao. Akasema, "Hapana, dada. Sisi tunasoma uvimbe. Tunatafuta kilichoharibika ndani yake mpaka ukaota. Hakuna ukoo humu. Hata angekuwa na watoto kumi, wasingeonekana." Halafu akateremsha sauti akaniuliza, "Ndicho alichokiogopa?"

Nikamwambia sijui.

Kwa hiyo ndiyo, baba. Ulisema bila kulazimika. Mimi ndiye niliyekusukuma, na damu yangu ambayo hakuna aliyeihitaji. Nilirudi nikitaka kukueleza palepale, nikakukuta umekaa kwenye lile benchi na sweta yako, umetulia kama mtu aliyetua mzigo wa siku nzima. Nikashindwa. Nikaona bora ubaki ukiamini kwamba ulilazimika, kuliko ujue ahadi ya mama imevunjika pasipo sababu. Miezi mitatu nimekaa nalo hilo peke yangu.

Lakini si hilo lililoninyamazisha. Wala si yule fundi wa simu. Jina lake sijalihitaji. Siku nikilihitaji nitakuuliza, na utaniambia, basi.

Kilichoninyamazisha ni hasira, na sijui kukasirika nawe, sina mazoea. Ile karatasi ilikaa wiki tisa bila saini yako. Wiki tisa unatapika, unakonda mpaka watu hawakutambui, na vidonge vipo. Ulikuwa tayari kufa. Uliona ni bora nikuzike nikidhani mimi ni damu yako, kuliko nikae nawe ukiwa hai nikijua si hivyo. Uliamua mwenyewe lipi lingeniuma zaidi, na hukuniuliza. Mama naye aliamua. Nyote wawili mlinijua tangu siku ya kwanza, na hakuna hata mmoja aliyejua lipi lingeniuma.

Nami nimekudanganya. Thadeo aliondoka Februari mwaka jana, ameoa Dumila. Zile salamu zake zote nilizitunga mimi, maana nilijua utaanza kuniwazia na wewe ni mgonjwa. Nikitoka zamu naingia chumbani nafungulia redio, ili kuwe na mtu anayeongea. Watu wa hapa ni wema, lakini mji huu ni wa barabara. Ninaoonana nao mchana kutwa ni madereva, na kila mmoja anataka nimalize haraka aende zake. Uliponiandikia kwamba sitabaki peke yangu kwa sababu nina Thadeo, hata redio sikuifungulia siku hiyo. Sina mtu, baba. Nina wewe.

Hii ndiyo barua niliyokuwa siwezi kuiandika. Meza kidonge saa ileile. Usoni paka mafuta yale mazito, na usikae juani.

Mwanao,
Verdiana


Mikumi, mezani kwako
18 Januari 2025, Jumamosi, saa tano asubuhi

Verdiana,

Usishtuke ukikuta mlango haujafungwa kwa kufuli lako. Nimekuja na basi la kwanza. Mudi alitaka kukupigia simu, nikamkataza. Jirani yako Mama Happiness alinifungulia kwa ule ufunguo wa akiba, baada ya kunitazama vizuri na kusema tunafanana kwa namna ya kusimama. Sikumbishia.

Sikuja kujibu barua yako. Kila ulichoandika ni kweli, na kile cha wiki tisa ndicho kweli kuliko vyote. Nilidhani nakulinda wewe. Nilikuwa najilinda mimi, nisiuone uso wako ukibadilika. Halafu niliuona, kwenye kioo cha mlango, na bado ukarudi ukanifunga vifungo.

Daktari ameniambia ukweli nami nakupa wote, bila kupunguza. Vidonge vinaweza kunisaidia mwaka mmoja, au miwili, au zaidi kidogo. Baadaye uvimbe hubadilika ukapata njia nyingine, na itabidi wapime tena watafute dawa nyingine, kama itakuwepo. Basi muda nilio nao ni huo. Nimeona nisiumalize Magomeni nikitazama ukuta wangu, na wewe huku ukitazama wako. Nguo nilizobeba ni za wiki mbili. Ukisema nirudi kabla ya hapo nitarudi.

Nimesikia kiu, nikafungua kabati lako kutafuta kikombe. Nimekuta kikombe kimoja. Sahani moja, kijiko kimoja, bakuli moja. Nilikaa kitandani kwako, kabati likiwa wazi.

Nimekwenda sokoni kununua vingine. Natembea taratibu na nitapumzika njiani, kwa hiyo usije ukanitafuta kwa hofu. Ukinitangulia kufika, bandika maji ya ugali. Usile kabla sijarudi.

Baba